Kuitafuta Nasaba: Mazungumzo ya Ukoo na Kitabu cha Ubatizo

Usharika unapoadhimisha miaka mia moja, majina ya kwanza kutajwa huwa ni ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa waliotangulia. Ni haki watajwe. Hata hivyo, usharika ni nyumba nyingi, na kila nyumba ina habari zake: nani alitoka wapi, nani alimzaa nani, nani alibatizwa lini, na nani aliachwa bila kutajwa. Habari hizo hazimo katika taarifa za mikutano mikuu. Zimo vinywani mwa wazee, na katika vitabu vya ubatizo ambavyo kurasa zake zimeanza kubadilika rangi.

Miaka mia moja ni kama vizazi vinne. Mzee mwenye umri wa miaka themanini na mitano leo alizaliwa karibu na mwaka 1940. Akiwa mtoto aliweza kuota moto pamoja na bibi aliyekuwa msichana wakati Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli wa Moshi, tarehe 2 Machi 1900. Kwa hiyo bado wapo watu walio hai ambao wanaunganisha siku hizi na siku zile kwa maneno waliyoyasikia kwa masikio yao wenyewe. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Sura hii inaeleza namna familia za mteremko wa Kilimanjaro zilivyoitunza na zinavyoweza kuitafuta nasaba yao, kwa mazungumzo ya ukoo na kwa kitabu cha kanisa, na kwa nini kazi hiyo haifai kuahirishwa tena.

Mkutano wa ukoo kama shule

Kabla ya kalamu na karatasi kufika mlimani, Wachagga walijifunza nasaba mkutanoni. Ukoo ulipochinja, ndugu walikusanyika, na nyama iligawanywa kwa kufuata nafasi ya kila mtu, mkubwa kwa mdogo, mlango kwa mlango. Kijana aliyetazama mafungu yale yakitolewa alijua, bila kuhubiriwa, nani ni wa nyumba ya mwana wa kwanza na nani ni wa nyumba ya mdogo wake. Akikosea kumpa mtu fungu lake, alisahihishwa palepale mbele ya wote, na somo hilo hakulisahau.

Majina nayo yalifundisha. Kwa desturi mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili jina la babu mzaa mama. Hivyo jina moja huzunguka na kurudi baada ya vizazi viwili, na mtu anayejua utaratibu huo anaweza kukisia jina la babu ambaye hakuna aliye hai aliyemwona. Hata ardhi ilisema. Isale lilipandwa kwenye mipaka ya vihamba na mahali walipolala wazee. Aliyejua isale hili lilipandwa na nani, na kwa sababu gani, alijua pia mahali ukoo ulipogawanyika. Na kwa kuwa mwana wa kwanza na mwana wa mwisho walikuwa na nafasi ya pekee katika urithi, wana wa katikati mara nyingi walilazimika kutafuta ardhi kwingine. Ndiyo maana milango ya ukoo mmoja huweza kukutwa mbali na kihamba cha asili, na watu wake wakiwa wamekwisha kusahau walikotoka.

Mikutano ya ukoo haijafa. Mwezi Desemba, wakati wanaoishi Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, koo nyingi hukutana. Hujadili michango, ada za watoto, wagonjwa na mipaka. Historia mara nyingi huwekwa mwisho wa ajenda, wakati watu wamekwisha kuanza kutazama upande wa sufuria. Mzee husimama, hutaja majina matano au sita kwa haraka, vijana hupiga makofi, na mkutano hufungwa kwa sala. Hakuna aliyeandika.

Waliosikiliza wakaandika

Wapo waliotambua mapema kwamba maneno ya wazee ni hazina. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig alifika nchini mwaka 1902, na kuanzia mwaka 1910 hadi 1938 alitumika Moshi ya zamani, isipokuwa miaka ile ambayo Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Aliketi na wazee, akaandika sheria za Wachagga katika kitabu kilichotoka mwaka 1926, na baadaye mafundisho waliyopewa vijana wa jando. Aliamini kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu ambavyo usharika unapaswa kujengwa juu yake. Wako waliompinga, wakaona anawafunga watu katika mambo ya kale. Lakini hata wapinzani wake leo hutumia maandishi yake.

Petro Itosi Marealle, Mchagga mwenyewe, alitoa mwaka 1947 kitabu chake kiitwacho Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, na kwa njia hiyo wasomaji wa Kiswahili walipata habari za mila kutoka kwa mtu wa nyumbani. Mwaka 1964 ilitoka historia ya Wachagga iliyoandikwa na Kathleen Stahl, ambaye alikusanya habari za umangi mmoja mmoja kwa kuwasikiliza wazee.

Kazi hizo zina thamani kubwa. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba sehemu kubwa ya historia iliyoandikwa ni ya nyumba za Wamangi: vita vyao, ndoa zao na mashindano yao. Mtu wa kawaida aliyelima kahawa na kuchunga mbuzi hakuandikiwa kitabu. Jina lake limebaki mahali pawili tu, yaani katika mazungumzo ya ukoo wake na katika kitabu cha ubatizo.

Kitabu cha ubatizo kinasema nini

Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896. Pamoja na Neno la Mungu walileta desturi ya kuandika kila ubatizo, kipaimara, ndoa na mazishi. Kitabu cha ubatizo huonyesha jina jipya la mbatizwa, wazazi wake, wadhamini wake na tarehe. Na kwa watu wazima, mara nyingi jina la awali pia. Kwa familia nyingi ukurasa huo ndio maandishi ya kwanza kabisa kumtaja mtu wa ukoo wao.

Lakini anayefungua kitabu hicho bila maandalizi atapotea. Kwanza, usharika ambao leo unajitegemea ulikuwa mtaa wa kituo kingine. Waliobatizwa kabla ya hapo wamo katika kitabu cha kituo mama. Pili, Wajerumani waliandika majina kama walivyoyasikia na kwa tahajia ya lugha yao. Wao waliandika Dschagga kwa Chagga, Moschi kwa Moshi, na Madschame kwa Machame. Jina la mtu nalo lilipitia mkono uleule. Anayelitafuta jina kwa macho tu anaweza asilione. Inampasa alisome kwa sauti, na ikiwezekana mbele ya mzee. Tatu, tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima kwa kawaida ilikuwa ya kukisia.

Zaidi ya hayo, kazi ya kanisa haikuenda bila kukatizwa. Wamisionari walipoondolewa mwaka 1920, walimu na wazee Waafrika ndio waliobaki na mzigo wa kufundisha na kuwatunza Wakristo, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kuanzia katikati ya miaka ya 1920. Katika kipindi hicho kumbukumbu za mdomo za familia za walimu hao zina uzito wa pekee. Nyaraka za Misheni ya Leipzig yenyewe zimehifadhiwa Ujerumani, katika mji wa Halle. Picha zake nyingi sasa zinaonekana kwa intaneti, zikiwamo za Kilimanjaro. Katika picha nyingi jina la mmisionari limeandikwa, na Mwafrika aliyesimama kando yake hakutajwa. Picha ya namna hiyo ikipitishwa mkono kwa mkono katika mkutano wa ukoo, huenda akapatikana bibi mmoja wa kusema huyu ni nani.

Neno na kitabu vinaposahihishana

Na uchukuliwe mfano. Ukoo fulani unasema babu yao alizaliwa mwaka wa kunyongwa kwa Mangi Meli. Kitabu kinasema alibatizwa mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Hesabu hazilingani, na kijana aliyesoma atasema upesi kwamba wazee wamedanganya. Lakini shangazi mmoja, ambaye hajaulizwa, anakumbuka babu akisimulia kwamba siku ile Meli aliponyongwa yeye alikuwa amebeba mdogo wake mgongoni. Basi aliyezaliwa mwaka 1900 ni mdogo wake. Mtoto wa kubeba mwenzake alikuwa na miaka sita au saba, na kitabu hakikukosea sana. Ukoo umepata mwaka wa babu, na umempata pia ndugu yake ambaye alikuwa amesahauliwa.

Ndivyo kazi hii inavyokwenda. Mzee hana tarehe, lakini ana matukio: kunyongwa kwa Meli mwaka 1900, reli kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911, Waingereza kuingia Moshi mwaka 1916, homa kuu ya mafua mwaka 1918, kuanzishwa kwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, mwaka 1933, na Uhuru mwaka 1961. Mtu akiulizwa alizaliwa mwaka gani hunyamaza. Akiulizwa kama alikuwa anachunga au anaoa wakati garimoshi lilipofika, hujibu mara moja. Jibu hilo likiwekwa kando ya ukurasa wa kitabu, kila kimoja hukisahihisha kingine.

Tena mfano huo unaonyesha kwamba aliyekuwa na ufunguo hakuwa mwenyekiti wa ukoo. Alikuwa shangazi. Wanawake walioolewa nje ya ukoo, na wale walioolewa ndani yake, hukumbuka mambo ambayo wanaume waliyaona madogo: nani alimnyonyesha nani, nani alikuja na mtoto mgongoni, nani alizikwa bila ndugu kuja. Mkutano unaowaachia kazi ya jikoni peke yake hupoteza nusu ya habari zake.

Mlango uliosahauliwa

Kuna jambo ambalo vitabu vya kumbukumbu hulipita kimya, na haifai lipitwe tena. Katika misheni nyingi za wakati ule, mwanamume mwenye wake wengi hakubatizwa mpaka abaki na mke mmoja. Kanuni hiyo ilikusudiwa kulinda ndoa ya Kikristo, na Kanisa linaendelea kufundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Lakini kanuni ilipotekelezwa, alikuwapo mwanamke aliyeachwa akiwa na watoto wake. Jina la mume liliingia kitabuni pamoja na la mke aliyebaki naye. Yule mwingine alirudi kwa kaka zake, au aliendelea kuishi pembeni mwa kihamba bila cheo. Hakuwa ametenda kosa lolote. Watoto wake, kama walibatizwa, huenda walibatizwa mahali pengine, wakasimamiwa na mjomba.

Vizazi vitatu vimepita. Wajukuu wa nyumba hizo mbili wanaweza kukaa benchi moja kanisani wasijue kwamba ni ndugu. Ndipo siku moja matangazo ya ndoa husomwa, kijana wa huku na binti wa kule, na jioni mzee mmoja hubisha hodi kwa mchungaji. Husema kwa sauti ya chini kwamba babu za watoto hawa walikuwa wa baba mmoja. Mahari imekwisha kupokelewa, sare zimekwisha kushonwa. Machozi yanayomwagika katika nyumba mbili usiku huo yana chanzo kimoja: watu wazima walijua, wakanyamaza miaka yote, kwa sababu ya aibu au kwa sababu ya mpaka wa kihamba.

Injili ya Mathayo inafungua kwa nasaba ya Bwana Yesu, na katika nasaba hiyo mwinjilisti hakuficha. Amewataja Tamari, Rahabu na Ruthu, na amemtaja mke wa Uria kwa namna ambayo kila msomaji anakumbushwa dhambi ya Daudi. Aliyeongozwa na Roho kuandika hakuona kwamba ukweli unamshushia Masihi heshima. Katika kitabu cha Hesabu, mabinti watano wa Selofehadi walisimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Mungu alisema kwamba wananena haki. Jambo lao halikumalizwa kwa minong'ono. Lilimalizwa mkutanoni.

Jina lililotunzwa

Kama mtu anadhani kwamba kukumbuka nasaba ni kazi ya wazee wasio na shughuli, na ayatazame yaliyotokea Moshi. Siku ile ya Machi mwaka 1900 Meli hakunyongwa peke yake; waliuawa watu kumi na tisa, miongoni mwao Mangi Molelia wa Kibosho. Wazao wa Meli waliamini sikuzote kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba kwa mafuvu matatu vipimo vya vinasaba vimeonyesha jamaa walio hai nchini Tanzania. Mmoja wa marehemu hao alikuwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Meli mwenyewe halikuonekana miongoni mwa hayo.

Taasisi ya Berlin ilikuwa na mifupa. Hata hivyo isingeweza kufika kwenye jibu kama Moshi pasingekuwapo watu wa kusema: sisi ni wa nyumba ya mtu huyu, na baba zetu walituambia alinyongwa siku ile. Kwa zaidi ya miaka mia moja nyumba hizo ziliyataja majina ya watu wao, mtoto akimsikia baba, na baba akiwa amemsikia babu. Kumbukumbu hizo ndizo zilizowafanya waliouawa waweze kudaiwa na watu wao.

Yanayopasa kufanywa

Mtume Paulo anamwonya Timotheo dhidi ya nasaba zisizo na mwisho, zinazoleta maswali badala ya kuijenga imani. Onyo hilo ni la kweli hata leo. Nasaba ikitafutwa ili ukoo mmoja ujitape mbele ya mwingine, au ili ndugu anyang'anywe shamba, haimjengi mtu. Kitabu cha ubatizo hakigawi vihamba, na mchungaji anayekifungua afanye hivyo mbele ya wazee wa kanisa, kwa ajili ya ukweli na amani, bila kumwaibisha aliyekufa wala aliye hai.

Kwa mpango huo, mikutano ya ukoo ya mwisho wa mwaka inaweza kuwa na faida kubwa. Historia na iwekwe mwanzo wa ajenda, kabla ya fedha. Kila mlango wa ukoo, pamoja na ule ambao haujaalikwa miaka mingi, utume watu wake. Mzee na aachwe aseme mpaka mwisho, kisha shangazi aulizwe kama ana la kuongeza. Kijana mmoja aandike na mwingine arekodi sauti kwa simu yake, kwa idhini ya msemaji. Wanapotofautiana, maneno yote mawili yaandikwe, na jina la aliyesema kila neno. Baadaye wajumbe wawili waende ofisini kwa mchungaji kulinganisha na kitabu. Nakala moja ikae na ukoo, nyingine ikae katika sanduku la usharika. Na kama katika kazi hiyo utapatikana mlango uliosahauliwa, ukoo usiishie kuuandika tu. Uwaendee watu wake, uketi nao, na uwaombe radhi kwa yale yaliyotendwa na waliotangulia.

Usharika unaingia karne yake ya pili ukiwa na watoto wengi waliozaliwa mijini, ambao hulijua jina la ukoo wao kama neno la mwisho katika cheti cha shule. Watarudi Krismasi ijayo, na baadhi yao watauliza maswali. Wazee wanaoweza kuwajibu bado wapo, wachache, katika nyumba zinazozunguka kanisa hili. Bwana aliyewaita kwa majina yao katika maji ya ubatizo awape nguvu ya kusema yote, na awape watoto masikio ya kusikia.